Kambare Aliyetaka Bwawa Safi

Paliondokea bwawani Kambare mmoja, naye alijiona msafi kupita samaki wote. Jirani yake, Mama Kiboko, alikuwa akila nyasi nchi kavu, kisha anarudi kujisaidia majini. Siku moja Kambare akamfokea: "Mama Kiboko, huna haya? Hapa ni nyumbani kwa watu!"

Mama Kiboko alikuwa mpole, akaona aibu. "Basi, mwanangu. Nitajisaidia hukohuko malishoni."

Maji yakatakata hadi Kambare akaweza kuzihesabu sharubu zake. Lakini siku zilivyopita, ukoga wa kijani ukapungua kwenye mawe, wadudu wakatoweka, na tumbo la Kambare likashikana na mgongo. Akachanganyikiwa. Maji ni safi, jua ni lilelile, mwizi haonekani. Sasa chakula kimekwenda wapi? Akamshuku jirani mwingine, Kaa, kwamba amemroga, kisha akashuku hata kivuli chake mwenyewe.

Mwishowe akamwendea Mama Kiboko. "Mama, nani anatuibia chakula?"

"Hakuna mwizi, mwanangu. Nyasi hulipika jua likawa chakula, mimi nikazila nyasi, nikawaletea kinyesi. Kinyesi kikarutubisha ukoga, ukoga wakaula wadudu, na wadudu ukawala wewe. Siku ile ulinikataza kupakua."

Kambare akatazama juu, akatazama chini, asijue auweke wapi uso wake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Lakini Mama, leo umekula ukashiba?"