Picha Ambayo Haijakauka

Siku hizi ukiiuliza picha, lazima iseme mchoraji alikuwa akiwaza nini. Basi Mwanamvua alipofanya maonyesho yake ya kwanza, sebuleni kwake, majirani walijaa mpaka mlangoni.

"Mbuzi huyu mbona wa bluu?" shangazi yake akauliza.

"Rangi nyeusi ilimwishia," picha ikajibu. Watu wakacheka hadi machozi.

Mumewe, Shomari, akaisogelea picha aliyochorwa yeye, tabasamu limemjaa. "Haya, na mimi je?"

Picha ikasafisha koo. Mwanamvua akawahi kuifunika kwa kanga.

"Iache hiyo, baba Sauda, haijakauka!"

Shomari akacheka na wenzake. Wageni walipoondoka, akapenyeza kidole chini ya kanga, akaigusa rangi. Kidole kikatoka safi.