Vifungo Kumi na Tatu

"Magoli tisa!" Kinyozi alipiga ngumi meza ya kukatia vitambaa, mkasi ukaruka. "Tisa, mechi tatu tu, halafu mnaniambia golini tuna kipa? Jamani, hata tungetundika turubai tusingefungwa tisa!"

Mama Komeo alisimamisha cherehani. "Hapa ni dukani kwangu. Ukitaka kumsema mwanangu, mseme. Meza yangu iache."

Watu wakacheka, lakini cheko la juujuu. Walikuwa kumi na tatu, wamebanana kati ya vitambaa na sare za shule zilizotundikwa, na joto la mchana lilikuwa halina huruma.

Timu yao ya magongo ilikuwa mali ya wanachama, na wanachama walikuwa na sheria yao. Ikifungwa mechi tatu mfululizo, wanakutana, wanapiga kura, na mchezaji mmoja anakaa nje mpaka msimu uishe. Kocha apende asipende. Leo majina yaliyobaki mezani yalikuwa mawili: Supastaa, mshambuliaji, na Komeo, kipa, aliyepewa jina hilo enzi zile mpira ulipokuwa haumpiti.

"Mimi nasema Supastaa ndiye anayetumaliza," alisema fundi bomba. "Picha zake kila ukuta, magoli yake yako wapi? Akiingia uwanjani anazungukazunguka kama mtu aliyeangusha funguo."

"Angalau yeye hafungishi!" Kinyozi akamkatiza. "Komeo limelegea, tukubali tu. Saba kati ya hayo tisa yamepita upande uleule, kushoto. Tangu apigwe na mpira usoni kule mazoezini, amekuwa mwoga. Anaganda pale kama kapigwa picha."

"Mwanangu si mwoga!" Sauti ya Mama ilitetemeka kwa hasira. "Beki wenu wa kushoto analala, lawama mnamtupia kipa. Mmesahau fainali? Nani alidaka mechi nzima kidole kimevunjika, asiseme neno mpaka kombe likabebwa? Hata mimi mama yake alinificha! Leo ndiyo mnamwona takataka?"

Kinyozi akatazama chini. Aibu kidogo alikuwa nayo, mpeni haki yake.

Mlango ukasukumwa. Komeo mwenyewe aliingia na benchi la kuongezea, akajipenyeza pembeni ya meza. Bega lake likaikumba trei ya nyuzi, nyuzi zikatapakaa sakafuni.

"Duh! Samahani, Mama."

"Acha, nitaokota mwenyewe." Mama aliinuka haraka, na kabla kijana hajageuka, akaiondoa pasi ya moto iliyokuwa mwisho wa meza, akabaki ameishika.

Komeo akamwinamia sikioni. "Mama, usiniangushe leo. Jumamosi wanakuja wale wa timu ya taifa kuniangalia. Nikikosa hii, basi tena."

"Lini nilikuangusha?"

Akatabasamu, akatoka kwenda kusubiri nje, maana mchezaji anayepigiwa kura haruhusiwi kukaa ndani. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka mlango ukafungwa.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu asiyependa makelele, akagawa vifungo kutoka droo ya Mama. Kila mtu viwili. Cheusi, Komeo atoke. Cheupe, Supastaa atoke. Unatumbukiza kimoja kwenye kopo la majani ya chai, kingine unakificha ngumini na kuondoka nacho, na ole wake atakayechungulia cha mwenzake.

"Usiwe na wasiwasi, Mama," fundi bomba alinong'ona kopo likizunguka. "Nimeongea nao mmoja mmoja tangu juzi. Tuko saba, ukiwemo wewe. Mwanao amepona."

Mama aliitikia kwa kichwa. Mkono wake ulipoingia kwenye kopo, kifungo kiligonga bati mara mbili.

Mwalimu akamwaga vifungo mezani, akavifunika kwa kitambaa, akawa anavitoa kimojakimoja.

"Cheusi. Cheupe. Cheupe. Cheusi."

Kinyozi alikuwa anahesabu kwa vidole.

Vilipofika kumi na viwili, vilikuwa sita kwa sita. Fundi bomba akamkonyeza Mama. Mwalimu akapeleka mkono chini ya kitambaa, akakawia, akautoa.

"Cheusi."

Hakuna aliyeshangilia. Mama aliketi chini palepale kwenye nyuzi zake, akalia bila kujificha.

"Kuna mnafiki humu ndani!" Fundi bomba alikuwa anafoka, anawaangalia wote usoni. "Saba mlinipa neno lenu! Mmoja kageuka, na nitamjua tu!"

"Kura ni siri," alisema Mwalimu. "Mkutano umefungwa."

Wakatoka wakisukumana, kila mtu amekunja ngumi yake. Kinyozi alipompita Komeo pale nje alitaka kumshika bega, akashindwa, akaenda zake. Kijana alikuwa hahitaji kuambiwa. Alikaa kwenye kreti la soda mbele ya duka, amekodolea barabara.

Mama akatoka, akaja kusimama kushoto kwake.

"Kwa kura ngapi?" Komeo aliuliza.

"Moja."

"Moja!" Machozi yakamlengalenga. "Mtu mmoja tu, Mama. Na aliahidi, nimemsikia fundi bomba akifoka. Ni nani? Niambie, ni nani?"

Mama aliinua mkono, akaufungua taratibu, shubiri moja tu kutoka kwenye jicho la kushoto la mwanawe. Kifungo cheupe kilikuwa katikati ya kiganja, na Komeo, bila hata kupepesa, akaendelea kuuliza, "Ni nani, Mama?"