Firigisi ya Mwenye Nyumba

Kijiti cha firigisi kilikuwa kimoja tu, kimelazwa juu ya kuku wa Kitaiwani aliyetoka kwenye mafuta sasa hivi, ananukia mrehani na pilipili.

Linus alivuta kiti karibu. Miaka kumi na minane Wembley, hakuwahi kukuta mkahawa unaouza firigisi. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba, na mke ndiye humpakulia.

Mkewe alikiinua kile kijiti. Linus akasogeza sahani.

Kijiti kikampita. Kikatua kwenye sahani ya kijana wao, aliyeanza kazi juzi na ndiye aliyewaleta hapa.

"Kula, baba," mama akamwambia.

Kijana akamgeukia Linus, akamuuliza kwa Kiingereza kama angependa kuonja. Linus akatikisa kichwa. Alikuwa amevaa koti la ghala la Hayes, lile analotoka nalo kila alfajiri, ingawa alifutwa kazi wiki tatu zilizopita na hajamwambia mtu.

Mkewe akachukua tishu, akampangusa unga wa pilipili kwenye mkono wa koti.

"Kwani," akasema polepole, bila kumwangalia, "hawajaitisha koti lao?"