Jina Alilouza Zamwatu

Zamwatu aliishi kwa kuandikia watu mtandaoni: leo sifa za sabuni, kesho hotuba ya harusi, keshokutwa salamu za mapenzi za wasiojua kubembeleza. Sheria ilikuwa moja tu: maneno ukishayauza, ukiyatamka simuni hayasikiki tena.

Jioni akapiga simu mumewe, Haruni, aliyekuwa kazini Muscat.

"Niite lile jina letu, bibie. Nina hamu nalo."

Zamwatu akalitamka. Haruni akasikia kimya. Mkewe akalirudia, machozi yakimlengalenga.

"Umeliuza?"

"Kazi zilikauka, mume wangu. Mteja alitaka neno la kweli, lililotoka moyoni."

Haruni akashusha pumzi. "Sasa nani anaitwa hivyo?"

Zamwatu hakujua. Alijua tu kwamba mahali fulani, mwanamume asiyemfahamu alikuwa akiitika.