Gari la Watu Wawili

Ugomvi ulikuwa umewachosha. Hawakuwa tena na nguvu hata ya kupandishiana sauti. Shomari alipakia masanduku ya mkewe, Siwema, akawasha gari ampeleke stendi. Likagoma, kama kila asubuhi. Akachukua spana, akashuka kufungua boneti. Siwema akahamia kwenye usukani bila kuambiwa.

“Haya, washa!”

Mke akazungusha ufunguo, mume akaigonga ile stata iliyochoka, na injini ikanguruma.

Walipofika stendi, basi lilikuwa linapiga honi. Shomari aliteremsha masanduku, akarudi garini, akazima injini.

“Umezima?” Siwema aliuliza. “Sasa nani atakuwashia?”

Shomari alikuwa ameshafungua boneti, ameinama, anasubiri na spana yake mkononi.