Vifungo vya Mukankusi

"Na mashine hii ni ya nini?" askari aliyekuwa akisaka silaha aliuliza, kiganja chake juu ya mkono wa chuma wa mashine.

Mukankusi aliweka mkasi chini. Marehemu mumewe alikuwa mwindaji, na kwa mashine ile alijaza upya risasi zake za kuwindia kanga. Bunduki aliisalimisha zamani. Mashine ikabaki pale mezani, kando ya cherehani.

"Ni ya vifungo, afande. Inakaza kitambaa tu. Mi niko mushonaji."

Hakusema uongo. Alivuta ule mkono, kikatoka kifungo cha kitenge, cha mviringo, kizuri.

Askari akatabasamu. Akakirusha juu, akakidaka. Tabasamu likamtoka.

"Mbona kizito, mama?"

Akachukua wembe wa mezani, akakichana polepole. Ndani mlikuwa na kitako cha shaba cha risasi iliyokwisha kupigwa, kimoja kati ya mamia alivyoacha marehemu.

"Nani mwingine umemshonea hivi?"

Nje, akina mama wa kwaya walikuwa wakiteremka kwenda kanisani, wakiimba, sare zao mpya zimefungwa vifungo vya kitenge kuanzia shingoni hadi kiunoni.