Uzi wa Ketura

Katikati ya ibada, Ketura aliona uzi mwekundu kwenye pindo la kitenge alichojitanda mke wa afande wa mpakani, aliyeketi mbele yake.

Uzi ule aliushona kwa mkono wake. Kila kitenge anachovusha kutoka Kongo hukitia mshono mwekundu, kisichanganyike na vya wanawake wenzake. Hiki afande alimnyang'anya pale mpakani mwezi jana, akasema mali ya magendo inachomwa moto.

Sasa afande huyo alisimama madhabahuni, kipaza sauti mkononi, akishuhudia kwamba hajawahi kula rushwa.

"Ketura, simama! Wewe unapitaka kwangu kila wiki. Sema mbele ya Mungu: nilishakuomba hata shilingi moja?"

Ketura akasimama. Mke wa afande akageuka, akamtabasamia kwa upole, huku akikiweka sawa kitenge begani.

Kesho ni siku ya soko. Atavuka tena.

"Hapana, afande. Haukuniombaka hata moja."

Kanisa likashangilia. Wanawake anaovuka nao mpakani, wanaoujua vizuri uzi ule, wakapiga vigelegele kuliko watu wote.